Jibu kwa mleta mada: binti anacheza basketi Ulaya, asaini klabu au aende chuo Marekani? Mzazi niliyepita huko naandika

Mleta mada habari za huko. Bandiko lako nimelisoma jana asubuhi kwenye treni nikitoka zamu ya usiku, nikasema hili siwezi kulipita kimya maana karibu kila neno uliloandika tumelipitia mimi na baba watoto, sema sisi tupo Ujerumani nyie mpo Liège. Kwa ambao hawajasoma kule juu: binti ana miaka 16, anacheza basketi tangu mdogo, klabu ya ligi kuu ya wanawake Ubelgiji wamempa karatasi asaini na mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, papo hapo kuna wakala anawaambia msisaini chochote, mlipeni yeye euro 2,500 atamtafutia chuo Marekani kwa ufadhili wa asilimia mia. Mzazi anauliza ashike lipi.

Ntaandika mrefu, mwenye haraka apite.

Naona wengi hapo juu wamejibu "Marekani, unauliza nini sasa" na mkuu mmoja kaleta mfano wa Hasheem Thabeet. Mfano mzuri, nani asiyejua, kijana wa Dar kapita chuo cha UConn huko Marekani, 2009 kachukuliwa namba 2 na Memphis ya NBA kwenye drafti, ile siku timu za kulipwa zinachagua wachezaji wapya kwa zamu. Na sa hivi kwa wanawake tunaye Madina Okot wa Kenya, katoka chuo cha Zetech kaenda vyuo vya Marekani, Mississippi State halafu South Carolina, yani sio mchezo. Lakini jamani hao walikuwa sehemu ambayo ukitaka kula kwa mpira wa kikapu lazima upande ndege. Huyu wa mleta mada yuko Liège! Ubelgiji ndo mabingwa wa Ulaya kwa wanawake, 2023 wakabeba, 2025 wakabeba tena. Emma Meesseman hakusoma chuo chochote Marekani, alichukuliwa drafti ya 2013 namba 19 akitokea hukohuko kwao, 2019 akabeba ubingwa wa WNBA, ile ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, na timu ya Washington na ndo akawa mchezaji bora wa fainali. Julie Vanloo kaingia WNBA mara ya kwanza 2024 akiwa na miaka 31, baada ya kuzunguka klabu za watu miaka na miaka. Kwahiyo huyu mtoto kazaliwa kisimani halafu sisi tunamwambia akachote maji ng'ambo. Sisemi asiende. Nasema asiende kwa sababu za Thabeet.

Mi mwenyewe basketi nilikuwa siijui. Nimecheza netiboli shuleni Morogoro, nikafika UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, basi. Binti yangu, huyu bibie, alianza 2012 akiwa na miaka 10, kisa kulikuwa na mazoezi ya jioni karibu na kwetu (tunaishi upande wa Dortmund) na mimi nilikuwa natafuta pa kumweka mpaka nitoke kazini, huo ndo ukweli, hakukuwa na ndoto yoyote hapo. Alipofika 16 akawa kwenye WNBL, ile ligi ya taifa ya mabinti chini ya miaka 18. Sasa huku mzazi hakai jukwaani kula bisi. Timu mwenyeji lazima itoe watu wa meza, mmoja anaandika karatasi ya mechi, mmoja saa ya mchezo, mmoja saa ya sekunde 24, ule muda timu inaopewa kurusha mpira golini. Nikapelekwa kozi jioni mbili nikakabidhiwa hiyo ya 24. Ni kiboksi cha plastiki tu, kina vitufe, kimoja kinarudisha 24 kingine 14. Timu ikishambulia mpira ukagonga ringi wakaudaka tena wao wenyewe unarudisha 14, sio 24. Rahisi ukiwa nyumbani. Mechi yangu ya kwanza, robo ya nne, tofauti pointi 2, wageni wanarusha, mpira unagonga chuma, wanaudaka wao, mimi mikono jasho nikabonyeza 24. Kocha wetu karuka kama kaumwa na nyuki, refa kapuliza filimbi, ukumbi mzima unaniangalia, na mwanangu katikati ya uwanja kashika kiuno anapiga kelele kwa Kiswahili ili wenzake wasielewe, "Mama! Kumi na nneee!"

Nimeisimulia hiyo kwa sababu elimu yangu yote ya basketi niliipata kwenye ile meza. Wikiendi nyingine nilikuwa nakalishwa meza ya timu ya wakubwa, wanawake, daraja la pili, na kila timu iliyokuja ilikuwa na Mmarekani mmoja au wawili. Wa kwetu alikuwa na miaka 24, kamaliza chuo cha Divisheni 1, lile daraja la juu la michezo ya vyuo Marekani, ana digrii ya baiolojia, anakaa kwenye flati ya klabu na mwenzake, gari moja wanagawana, mchana anafundisha watoto wa miaka 10 kwa sababu imeandikwa kwenye mkataba wake. Siku moja nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, huko kwenu hamna timu? Akacheka sana. Akanipigia hesabu kwenye kitambaa cha karatasi. Mi ntaipiga kwa namba za 2025: WNBA timu 13, kila timu mwisho wachezaji 12, yani nafasi kama 150 tu na humo wamo wakongwe wasiotaka kutoka. Vyuo vya Divisheni 1 vyenye timu ya wanawake vinazidi 350, kila kimoja kina mabinti mpaka 15. Sasa kila mwaka hao wanaomaliza wanaenda wapi? Wanakuja hapa. Wanakuja Ujerumani, Ubelgiji, Ureno, Poland, Sweden, kucheza kwenye hizihizi klabu ambazo sisi tunawatoa watoto wetu tuwapeleke kwao.

Ikanikaa kichwani hiyo. Kwa binti wa Ulaya chuo cha Marekani sio njia ya kwenda kwenye klabu, klabu anayo tayari mlangoni. Chuo ni shule. Kama ile shule yenyewe ina maana kwake, digrii, lugha, kuona dunia, aende na Mungu ambariki. Kama anaenda kwa ajili ya basketi peke yake hesabu inaweza kumkataa vibaya.

Tena kwa wale wenye kipaji kile cha juu kabisa, kubaki Ulaya ndo njia fupi. Sheria ya drafti ya WNBA ni kwamba mchezaji wa nje ambaye hajasoma chuo Marekani anaruhusiwa mwaka anaotimiza miaka 20. Akishacheza chuo cha huko anahesabiwa kama wao, mpaka mwaka wa kutimiza 22 au amalize masomo. Angalia drafti ya 2025, Dominique Malonga wa Ufaransa namba 2 kwenda Seattle, Justė Jocytė wa Lithuania namba 5 kwenda Golden State, wote mabinti wa 19, wametoka kwenye klabu. 2024 Carla Leite na Leïla Lacan namba 9 na 10, hivyohivyo. Leonie Fiebich wa kwetu hapa alichukuliwa 2020 namba 22, wala hakwenda mwaka ule, kacheza Ujerumani, Australia, Hispania, 2024 ndo anatua New York Liberty na mwaka huohuo bingwa. Ila na upande wa chuo wapo, nisiwe mnafiki. Satou Sabally, baba yake Mgambia, kakulia Berlin, akaenda Oregon, 2020 kachukuliwa namba 2. Mdogo wake Nyara Oregon hiyohiyo, alikaa nje misimu miwili mizima kwa ajili ya goti, na bado 2022 kachukuliwa namba 5. Chuo kilimsubiri na goti lake. Klabu ndogo ya Ulaya ingemsubiri? Hapo jijibu mwenyewe.

Haya, wakala. Sisi tulilipa. Euro 1,800, sio zako 2,500 lakini kwa mshahara wa nesi ni hela. Miezi mitano tunaambiwa mambo yanaenda vizuri, vyuo vina hamu. Mwisho kuna kocha mmoja wa huko, mstaarabu, akamwandikia binti moja kwa moja akimrudishia ile imeili aliyoipokea kumhusu. Wakuu nilitamani kulia. Imeandikwa mchezaji wa ndani, sentimita 188, mkono wa kushoto. Wangu ni gadi, yani mchezaji wa nje mbali na ringi, 174 akiwa amevaa viatu, na anatumia kulia. Jamaa alikuwa anatuma barua ileile kwa makocha wote anabadilisha jina tu, na siku hiyo alisahau kubadilisha mengine. Sisemi mawakala wote matapeli, wapo wenye kazi nzuri, ila anayekuahidi asilimia mia kabla hajamwona mtoto akicheza hata robo moja huyo anauza upepo.

Baada ya hapo bibie akashika kalamu mwenyewe. Kila usiku imeili tatu nne, jina la kocha, kwa nini chuo hicho, ratiba ya mechi zake, na link ya video. Na hapa sikiliza vizuri mleta mada: sio zile klipu za dakika mbili zenye muziki tu, weka na mechi nzima mbili, moja iwe ile mliyofungwa. Makocha wanataka kuona anafanyaje akipoteza mpira, anarudi nyuma au anasimama kulalamika. Katika imeili kama 40 walijibu 9, watatu wakawa serious.

Halafu makaratasi. Hapa ndo watoto wengi wa Ulaya wanakwama na wala sio uwanjani. NCAA, kile chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, wana ofisi yao ya kukagua kama mtoto anafaa, anajisajili, wanataka masomo 16 ya msingi ya sekondari, wastani usiopungua 2.3 kwa Divisheni 1 na 2.2 kwa Divisheni 2 ambalo ndo daraja linalofuata, vyeti halisi pamoja na tafsiri. SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo, wao NCAA waliifuta kabisa Januari 2023 lakini chuo chenyewe kinaweza kuidai, na mtihani wa Kiingereza ndo kabisa. Sasa Ujerumani maksi zinaenda kinyumenyume, 1 ndo bora, 6 ndo sifuri. Wangu alikuwa na 1.7, tunajivunia, tumemchinjia kuku. Kocha mmoja akapiga simu ya video sura imemshuka, anasema tunampenda sana lakini 1.7 itakuwa ngumu, kuna uwezekano wa kurudia mitihani? Tukaangaliana na baba yake. Ilibidi bibie amweleze dakika kumi nzima kwamba hiyo ni karibu na juu kabisa. Kwenu Ubelgiji sijui watawachanganyaje ila hakikisha mapema, kama yuko mkondo wa kwenda chuo kikuu hakuna neno kubwa, kama yuko mkondo wa ufundi uliza sasa hivi masomo yake yanahesabika mangapi, usisubiri mwaka wa mwisho. Na muda nao unahesabiwa, akimaliza sekondari akaendelea kucheza kwenye klabu miaka miwili mitatu anaanza kukatwa misimu ya kucheza.

Mkataba wa Ijumaa sasa. Sijauona kwahiyo ntasema ninachojua. Kwa NCAA neno linaloua sio "klabu" wala "ligi kuu". Mtoto anaweza kufanya mazoezi na wakubwa na hata kucheza nao na bado akaenda chuo. Kinachoangaliwa ni kama amelipwa zaidi ya gharama zake halisi, nauli, chakula, vifaa, matibabu, na amesaini nini. Sa hivi mambo yanalegea mwaka hadi mwaka, kuna vijana walikuwa wanalipwa Ulaya na wamekubaliwa, ila usiendeshe maisha ya mtoto kwa kesi za wengine. Sisi tulifanya hivi, klabu ilipoleta karatasi tukaomba iandikwe wazi kwamba anapokea nauli na vifaa tu, hakuna mshahara, hakuna bonasi, na risiti zote tukaziweka kwenye faili. Lile faili lilikuja kuombwa kweli, miaka miwili baadaye, mpaka risiti ya viatu. Na kama chuo fulani tayari kinamtaka, wana ofisi yao inayosimamia sheria hizo, waulizwe kwa maandishi na wajibu kwa maandishi, mdomo wa kocha hauhesabiki.

Kingine, angalia mkataba unamfunga mpaka lini na akitaka kuondoka kwenda kusoma wanadai nini. Klabu nyingine ukisoma ukurasa wa mwisho unakuta fidia.

Bibie akaondoka Agosti 2021, korona bado ipo ipo, viza ya mwanafunzi, mahojiano ubalozi mdogo Frankfurt, dakika nne tu wakamuuliza atasoma nini na nani analipa. Chuo Divisheni 1, sio kikubwa, katikati huko mashamba ya mahindi mpaka macho yachoke, ufadhili kamili: ada, chumba, chakula, vitabu. Mwaka wa kwanza furaha. Viwanja vizuri, wana mtu wa kukufunga vifundo vya miguu, mtu wa chakula, mwalimu wa ziada wa hesabu, vitu ambavyo klabu ya daraja la pili hapa hata wakiota hawavioni. Mpira wenyewe haukumsumbua kwa sheria maana chuo wanawake wanacheza robo nne za dakika 10 kama huku, mstari wa pointi tatu ni uleule wa mita 6.75 tangu 2021, tofauti anayoisikia ni saa yao ni sekunde 30 sio 24. Alinitania, "Mama huku hata wewe ungeiweza."

Kilichomsumbua ni benchi. Dakika 5, dakika 7, mechi nyingine sifuri. Wanasema sheria mazoezi mwisho masaa 20 kwa wiki na siku moja ya kupumzika, sawa, lakini safari haihesabiwi, kunyoosha misuli kwa daktari haihesabiwi, kuamka saa kumi na moja kupanda basi masaa saba haihesabiwi. Na hapo una masomo kamili maana ukishuka chini ya kiwango viza yenyewe inakuuliza maswali.

Kuna na ile hela ya wachezaji kutumia majina yao, ilianza Julai 2021, mwaka uleule aliofika. Mwenzake wa chumba, mtoto wa hapohapo, alipiga picha tatu kashika pizza ya mgahawa wa mtaani akapewa dola 500 na pizza za mwezi. Wangu aliombwa apige nao. Akakataa kwa sababu viza ya mwanafunzi haikuruhusu kazi ya namna hiyo, unaruhusiwa kazi ndogondogo ndani ya chuo tu masaa 20 kwa wiki, akapiga picha wenzake yeye akawa ndo ameshika simu. Tangu Julai 2025 vyuo vikubwa vinaruhusiwa kuwagawia wachezaji mapato yenyewe, tunazungumzia mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka ule wa kwanza, ingawa nyingi zinaenda kwa wanaume wa futiboli yao. Ila kwa mwenye viza ya mwanafunzi bado ni suala la kumuuliza mwanasheria wa uhamiaji. Mtu asikuletee hadithi ya mamilioni mezani bila kukuonyesha viza gani.

Machi 2023 simu saa tisa usiku. Nikajua goti. Maana goti kwa mabinti wa basketi ndo jini letu, Nika Mühl wa Croatia kamaliza UConn, 2024 kachukuliwa namba 14 na Seattle, kwanza akasumbuka na viza ya kazi mpaka kuvuka Canada kuishughulikia huku timu imeshaanza ligi, halafu vuli hiyohiyo kwenda kucheza Uturuki goti likakatika. Kwahiyo mimi simu ya usiku nawaza goti. Kumbe kocha kaondoka. Yule aliyekuja nyumbani kwetu kwa njia ya video akala na sisi Krismasi, kila mtu kwenye skrini yake na sahani yake, kapata chuo kikubwa zaidi kaondoka bila kuaga. Anayekuja ana watu wake. Ufadhili wenyewe ulikuwa wa kusaini mwaka mmoja mmoja. Hakufukuzwa, hapana, aliambiwa kwa upole "hatuoni dakika kwako", na kwa lugha ya huko hiyo ni kufukuzwa.

Akaingia kwenye potali ya uhamisho, ile orodha ambayo mchezaji akijiandikisha vyuo vingine vinaruhusiwa kumpigia. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili chuo cha Divisheni 2, jimbo jingine, kocha mwanamke mtu mzima, swali lake la kwanza halikuwa pointi ngapi, alimuuliza "unataka kusoma nini hasa?" Tukaenda huko. Divisheni 2 ufadhili wanaugawa vipande, timu nzima ina wa watu 10 basi wanaukata kata, kwahiyo tulikuwa tunajazia kama dola 6,000 kwa mwaka, nikaongeza zamu, baba yake akauza gari. Lakini alicheza dakika 30 kila mechi, na kile cheti chake cha sayansi ya mazoezi ya mwili alikipata Mei 2025 tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki jua la utosi, mama mtu nimevaa kitenge nalia kama nimefiwa.

Na hiyo potali mleta mada uifikirie kwa upande wa pili pia. Tangu 2024 mchezaji anahama mara nyingi anavyotaka almradi masomo yako sawa. Maana yake kocha akitaka gadi ana machaguo mawili, mtoto wa miaka 18 kutoka Liège ambaye hajui atazoea lini, au dada wa 22 ambaye keshacheza mechi 90 za chuo. Unadhani anachukua nani? Nafasi za wanaoanza mwaka wa kwanza zimebana kuliko wakati wetu, na huo wakati wetu ni juzi tu.

Sasa yuko wapi. Amerudi Ujerumani, klabu ya daraja la pili, flati ya klabu, euro 900 kwa mwezi, anasoma shahada ya uzamili chuo cha serikali ambacho mchango wa muhula ni kama euro 300. Mwenzake wa flati ni Mmarekani. Gari moja wanagawana. Jumanne na Alhamisi anafundisha watoto wa miaka 10. Nilivyoenda kumtembelea mara ya kwanza nikacheka peke yangu jikoni, akaniuliza mama unacheka nini, nikamwambia hamna.

Rafiki yake waliyecheza naye WNBL, mfupi kuliko yeye, alibaki. Akiwa na 19 yuko ligi kuu, sa hivi ana misimu minne ya wakubwa, analipwa zaidi ya huyu wangu na kocha wa taifa anamjua kwa jina. Digrii hana bado. Ukiwakalisha wote wawili kila mmoja anamwonea mwenzake wivu kidogo, nimewasikia.

Mi nikiulizwa ningerudia? Ningerudia ile Divisheni 2 tangu mwaka wa kwanza, na wala nisingelipa wakala. Ile jina la Divisheni 1 tulilifuata sisi wazazi, tupate cha kusema kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo.

Kwa binti yako, kama klabu wako tayari kuandika kwamba ni gharama tu bila mshahara, na kuna mlango wa kutoka bila fidia akitaka kusoma, asaini, acheze na wakubwa miaka miwili huku anamaliza sekondari, na hizo mechi ndo zitakuwa video yake. Anaingia Marekani akiwa keshagongana na wanawake wazima, au akigundua hapo Ubelgiji panamtosha anabaki, hajapoteza kitu. Kama wanakataa kuandika hivyo muombe wiki mbili mtafute mtu asome mkataba, Ijumaa sio kiama. Na ile 2,500 mnunulie viatu na mlipie mtihani wa Kiingereza, chenji itabaki.

Halafu kitu ambacho hakuna aliyekigusa hapo juu, pasi. Umesema nyie ni wa Bukavu. Kama uraia wa Ubelgiji ameupata kabla ya kutimiza 16 hana tatizo, FIBA, shirikisho la basketi la dunia, wanamhesabu wa kawaida. Akiupata baada ya hapo anahesabiwa kama mchezaji aliyepewa uraia na kila timu ya taifa ina nafasi moja tu ya mtu wa hivyo. Na akishacheza mashindano rasmi ya FIBA akiwa amepita 17 na nchi moja, kuhamia nyingine inakuwa ni kuomba ruhusa na kusubiri. Kwahiyo wakimwita kambi ya vijana, ya Ubelgiji au ya Kongo, mkae kwanza mezani. Wangu aliupata wa Kijerumani akiwa na 12, kwa bahati tu, hatukuwa tunajua lolote.

Ila umeandika aya sita, umeeleza klabu, wakala, hela, shangazi yupo Ohio, hujasema popote binti ana urefu gani, anacheza nafasi gani, anapata dakika ngapi kwa mechi na darasani yukoje. Weka hapa. Na mkae mumuulize mwenyewe anapenda kusoma nini, kama anapenda, uandike na hilo. Niko zamu mpaka Jumapili, ntakuwa naingia usiku usiku wagonjwa wakilala.